Mtanzania Nairobi na hisa za muda mrefu: kagua kwanza umeandikwa nani

Watu wakisikia ninanunua hisa hapa Nairobi huniuliza ninunue ipi. Swali hilo lisubiri. Kwa Mtanzania, Mganda au Mrundi anayetaka kuweka hisa miaka kumi au zaidi bila kuzigusa, swali la kwanza ni hili: kwenye akaunti yako ya CDS, yaani ile ya kielektroniki inayohifadhi hisa zako, umeandikwa kundi gani? Makundi ni matatu. Yupo Mkenya, yupo raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na yupo mgeni. Mimi nilipeleka pasipoti ya Afrika Mashariki na kibali cha kazi, karani wa broka, wakala anayekununulia hisa sokoni, akaona sina kitambulisho cha Kenya, akanitia kwenye kisanduku cha wageni. Hakuniambia. Hakuna aliyeniambia.

Ubaya wake uko kwenye kodi. Kwa sheria ya Kenya, gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, hukatwa asilimia 5 kwa mkaazi, na raia wa nchi za Jumuiya naye hukatwa asilimia 5. Mgeni asiye mkaazi hukatwa asilimia 15, tangu ilipopandishwa mwaka 2020 kutoka 10. Ukiishi Kenya siku 183 au zaidi kwa mwaka wewe tayari ni mkaazi wa kodi, kwa hiyo Mtanzania anayefanya kazi hapa ana sababu mbili za kukatwa 5, na bado anaweza kukatwa 15 kwa alama moja ya kalamu. Kodi hiyo hukatwa juu kwa juu kabla fedha haijakufikia. Unaona hela imeingia, unashukuru, maisha yanaendelea.

Niligundua kupitia mwenzangu wa ofisini, Mkamba wa Machakos, ambaye hisa zake za Safaricom, kampuni ya simu, zinakaribiana na zangu. Tukiwa tunakula mchana akataja kilichoingia kwake. Nikafungua simu yangu, hesabu haikukaa. Chukua mfano wa hisa 10,000: kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 Safaricom ilitoa gawio la jumla la shilingi 1.20 kwa hisa, yaani shilingi 12,000. Ukikatwa 5 unapoteza 600. Ukikatwa 15 unapoteza 1,800. Utasema tofauti ya 1,200 si kitu, ni nauli ya wiki. Lakini sisi hatukuja kula gawio, tulikuja kulirudisha linunue hisa nyingine, na hizo nazo zizae. Fedha iliyokatwa leo isivyo haki haipo mwaka kesho, wala mwaka wa kumi, na watoto wake hawapo.

Kurekebisha ndiko kulikonichosha. Msajili wa hisa, anayetunza orodha ya wenye hisa wa kampuni, anachapa kilichomo kwenye daftari. Daftari halirekebishwi na mwenye akaunti, linapitia kwa broka. Broka niliyekuwa naye alinijibu kila mara kwamba hilo ni jambo la msajili. Na marekebisho yakishafanyika hayarudi nyuma: yanaanza na gawio ambalo daftari lake la watakaolipwa halijafungwa. Kilichokwisha kukatwa kimekwenda KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na kukidai unahitaji cheti cha makato, na cheti hutoka kwa PIN, yaani namba ya mlipakodi, na kama broka hakuingiza PIN yako kwenye akaunti, cheti kinatoka kwa jina la nani? Usifike huko. Nasema tena, usifike huko.

Kwa hiyo siku unapofungua akaunti, usiondoke kaunta kabla hujaomba taarifa ya akaunti iliyochapwa na kusoma mambo matatu: kundi lako, PIN yako, na majina yako matatu kwa mpangilio ule ule wa pasipoti na wa benki. Sisi majina yetu ya ukoo huwa tunayahamisha hamisha, kitambulisho cha NIDA hivi, pasipoti vile. Hapa jina likitofautiana na la benki, gawio linagonga mwamba na kurudi.

Hatua nyingine ni za kawaida. PIN ya KRA unaipata kwenye iTax, tovuti yao ya kodi, ukishakuwa na kitambulisho cha mgeni kutoka uhamiaji, akaunti ya benki unayo tayari, na broka umchague kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sharti la kununua kuanzia hisa 100 liliondolewa mwaka 2025.

Hapa niseme kidogo juu ya wenyeji wetu. Nairobi ni mji wa haraka na wa sauti. Ukisimama kaunta na “samahani kaka, naomba unisaidie” yetu ya Kitanzania, aliye nyuma yako amehudumiwa na ameondoka. Nimejifunza kusema ninachotaka kwa sentensi moja na kutaka jibu kwa maandishi, maana “nitakupigia kesho” ya hapa ni salamu tu. Lakini haraka hiyo hiyo inawaponza wenyewe. Mwaka 2008 Safaricom ilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5, watu zaidi ya laki nane waliomba, wengine kwa mikopo. Mwaka uliofuata bei ilifika chini ya shilingi 3, na wengi wakauza kwa hasira wakarudi kwenye ploti za Kitengela. Aliyekaa kimya aliiona ikipita 40 mwaka 2021. Aliyeingia huko juu kwa kusikia wenzake naye aliiona ikishuka chini ya 15 mwaka 2023. Kampuni ilikuwa ile ile, yenye M-Pesa ile ile iliyoanza 2007, ingawa biashara yake mpya ya Ethiopia ilikuwa imeanza kuila fedha.

Sasa hisa ipi? Mimi natafuta kampuni ambayo mapato yake yanapanda mwaka hadi mwaka kwa kuuza zaidi, siyo kwa kukopa zaidi. Nasoma taarifa ya mwaka kuanzia nyuma, kwenye madeni. Sisi Watanzania tuna somo letu Tanga: ARM Cement ilisifiwa hapa kama kampuni ya ukuaji, ikajenga kiwanda kikubwa kwetu kwa mikopo, na Agosti 2018 ikawekwa chini ya msimamizi. Wenye hisa walibaki na karatasi. Benki ya Equity ni upande wa pili. Iliingia sokoni 2006, ikakua hadi Uganda, Rwanda na Kongo. Hata hivyo sheria ya 2016 ya kuweka kikomo cha riba ilizibana benki zote hadi ilipofutwa 2019, na mwaka 2020 Equity iliondoa gawio ililokuwa imependekeza kwa sababu ya korona. Asiyeweza kuvumilia mwaka bila gawio anunue hati fungani za serikali, yaani aikopeshe serikali kwa riba. Februari 2024 ile ya miundombinu ilitoa riba ya zaidi ya asilimia 18, na nusu ya Nairobi ilihamia huko. Sina ugomvi nao, ila hati fungani haikui.

Kununua peke yake kunakula yapata asilimia 2 kwa ada, kuuza vivyo hivyo. Anayeingia na kutoka kila mwezi anamlisha broka. Na faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa hapa haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, kwa hiyo kwa mtu wa muda mrefu kodi inayouma ni ile ya gawio. Unaona kwa nini narudi kwenye kile kisanduku.

Ndugu zetu nyumbani. Mjomba, usinitumie milioni mbili ukisema “tununulie Safaricom, weka kwa jina lako, sisi tunaaminiana.” Tunaaminiana, ndiyo. Nikifa kesho, hisa ni za warithi wangu na mahakama haijui habari za mjomba. Shangazi naye huuliza kila mwisho wa mwezi kama zimezaa, kama vile ni upatu. Mwenye haraka ya mwezi abaki na mifuko ya uwekezaji ya UTT huko nyumbani. Na yule binamu anayesema benki ya KCB ipo pia Soko la Hisa la Dar es Salaam, ni kweli imeorodheshwa kule, ila ajaribu kupata mtu wa kumuuzia. Wale wa makundi ya WhatsApp wanaouza “hisa za Safaricom” kwa kutuma hela kwenye namba ya simu, huo ni wizi mtupu; hisa hununuliwa kupitia kwa broka mwenye leseni.

Mwisho, siku kibali kikiisha ukarudi nyumbani. Wewe bado ni raia wa Afrika Mashariki, asilimia 5 yako inabaki, mradi kundi liwe limeandikwa hivyo. Aliyeachwa kwenye kundi la wageni hawezi tena kujitetea kwa ukaazi. Kinachopotea haraka ni laini ya simu. Kama gawio lako linaingia M-Pesa na laini ikafa kwa kutotumika, gawio litarudi, na likikaa muda wa kisheria bila kudaiwa litapelekwa kwenye mamlaka ya mali zisizodaiwa, na huko ni foleni nyingine ya kuthibitisha wewe ni wewe. Hamishia gawio akaunti ya benki kabla ya kufunga mizigo, na badilisha anwani kupitia kwa broka ukiwa bado unaweza kumfikia kwa miguu.