Kubana ganda la .308 liwe la .243

Winchester walipotoa risasi ya .243 mwaka 1955, walichukua ganda (kasha la shaba linalobeba baruti) la .308 wakalibana shingo. Kitako ni kilekile, bega lina nyuzi 20 zilezile. Kilichopungua ni mdomo, kutoka kichwa (kipande kinachoruka) cha milimita 7.82 hadi 6.17. Ndiyo maana sisi wawindaji tulioko Marekani, ambako kujijazia risasi nyumbani ni jambo la kawaida, tukikosa maganda ya .243 dukani tunageukia ya .308. Kwingineko, sheria ya silaha kwanza.

1. Chukua maganda ya kiwanda kimoja. Ya jeshi yaache, kuta zake huwa nene. Toa fataki zilizotumika (viwashio vya baruti vilivyo kitakoni), safisha, tupa yenye ufa.

2. Pasha shingo na bega kwa tochi ya gesi huku ukilizungusha ganda, taa ya chumba ikiwa hafifu. Wekundu ukianza tu kuonekana, ondoa. Kitako kisipate moto: kikilainika hakihimili mlipuko.

3. Paka nta ya kubania mwilini mwa ganda, utando mwembamba, bega uliache. Ikizidi, bega linabonyea. Ikikosekana, ganda linanasa kalibuni (chombo cha chuma kinacholibana), na kulitoa ni kazi ya drili na matusi.

4. Pitisha kwanza kwenye kalibu ya 7mm-08, risasi yenye shingo ya ukubwa wa kati, ndipo uende ya .243. Ukiruka hatua hiyo, mengine yatajikunja shingo.

5. Hapa usiharakishe. Shaba haiendi popote. Shingo ikibanwa, ukuta wake unanenepa. Chomeka kichwa kwenye ganda lisilo na baruti wala fataki, kisha pima shingo kwa venia (kipimio cha unene). Isizidi milimita 7.01. Shingo nene ikijaa chemba ya bunduki haina pa kutanukia, kichwa kinachelewa kuachiwa, presha inapaa. Ikizidi, kereza shingo kwa nje, kidogokidogo, upime tena. Binafsi nakereza yote, hata yaliyopita kipimo, ili yalingane.

6. Urefu kwa kawaida hausumbui: kikomo cha ganda la .308 ni milimita 51.18, na cha .243 ni 51.94. Sawazisha midomo, kwangua kingo.

7. Kitako bado kimeandikwa .308, kwa hiyo kichore kwa kalamu ya wino usiofutika na uyaweke maganda hayo kwenye boksi lake lenye lebo. Siku ya kujaza, anza na kipimo cha chini kabisa cha baruti kwenye jedwali la .243, maana nafasi ya ndani huenda ikawa ndogo kuliko ya ganda la dukani.