Fimbo ya pazia: mambo ya kuzingatia kabla hujawasha drili

Wengi wetu tuliazima drili mara ya kwanza kwa sababu ya fimbo ya pazia. Matundu manne, skrubu nne, imekwisha. Kumbe ni kazi ngumu kuliko kutundika picha, kwa kuwa juu ya dirisha mara nyingi hakuna tofali: kuna lenta, zege lenye nondo ndani. Kwa hiyo, kabla hujaenda kubisha hodi kwa mwenye drili, jua kwanza unatoboa nini.

Lenta inataka drili yenye mpigo, ile yenye alama ya nyundo, na biti ya zege, ambayo nchani ina kipande kigumu kilichopachikwa, kipana kidogo kuliko shina lake. Biti ya kutobolea chuma itachemka na kuwa butu upesi, hata kama umeinunua leo. Nimeona watu wakiegemea drili kwa uzito wote wa mwili, jasho likiwatoka, wakidhani wamekosa nguvu, kumbe wamekosa biti. Lakini ukikaa kwenye nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Lamu na Mji Mkongwe, anza bila mpigo. Ukuta ule hubomoka kirahisi, na tundu likishapanuka plagi, kile kidude kinachoingia tunduni kushika skrubu, haishiki tena.

Plagi ya plastiki ndiyo inayochagua biti. Plagi namba 6 inaingia kwenye tundu la milimita 6; ukitumia 8 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, pazia litakuangukia. Weka plagi sambamba na biti, ongeza kama milimita 5 za nafasi ya vumbi, kisha zungushia selotepu hapo ili ujue pa kuishia. Biti hubadilishwa waya ukiwa umechomolewa. Na kama drili yako hukazwa kwa ufunguo, utoe kabla ya kuchomeka, maana ukisahaulika utaruka kama jiwe la manati.

Umeme ndani ya ukuta haufai kubahatisha. Kwa kawaida nyaya hushuka au kupanda wima kutoka kwenye swichi na soketi, au hukata mlalo, hivyo usitoboe kwenye mistari hiyo. Angalia hasa soketi ya kiyoyozi, maana hupenda kukaa juu karibu na dirisha. Ila wapo mafundi waliopitisha waya mshazari ili kuokoa mita mbili. Ukiwa na shaka, zima mein swichi na utafute drili ya betri.

Kuna jambo moja ambalo vijitabu vya drili hulipitia haraka, nasi tunaoishi na mgao tunalijua. Drili nyingi za waya zina kitufe kinachofunga swichi ibaki imewaka. Umeme ukikatika ukiwa umekifunga, utaiweka drili chini na kwenda kunywa chai. Umeme ukirudi itaanza kuzunguka yenyewe mezani, labda mbele ya mtoto. Kitufe hicho usikiguse, na umeme ukikatika chomoa waya.

Utakuwa unatoboa juu ya kichwa, kwa hiyo vumbi lote ni lako. Vaa miwani inayoziba na pembeni (ya kusomea haitoshi) na barakoa. Mtandio, shanga, nywele ndefu na mikono mipana vifungwe au vivuliwe. Glovu watu hubishania. Mimi sivai nikitoboa, kwa sababu kitambaa kikinaswa na biti huondoka na kidole. Simama kwenye ngazi, kiti cha plastiki ukiache sebuleni.

Funga pia mpini wa pembeni. Biti ikikwama kwenye nondo, drili yenyewe ndiyo itakayozunguka, na kifundo cha mkono hakishindani nayo. Utaijua nondo: mlio hubadilika na biti haisogei tena. Usilazimishe, biti ya zege haikukusudiwa kukata chuma. Sogeza tundu sentimita 2 au 3, ndiyo maana ni vyema kutoboa tundu moja kwanza kabla ya kuweka alama za mengine.

Ukimaliza usishike biti, ni ya moto. Vumbi litoe kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo, na miwani usiivue bado.