Namna ya kumalizia jahazi dogo la mbao ukiwa Dodoma

Jirani yangu hapa Nkuhungu, mzee mmoja mfuga mbuzi, alisimama dirishani siku moja nikiwa napiga msasa. Akaangalia weee, kisha akauliza, "Mwanangu, hicho chombo kitaelea wapi? Mtera?"

"Hakielei, mzee. Kitakaa juu ya kabati."

Akacheka mpaka akashika dirisha. Tangu siku hiyo ananiita Nahodha.

Lakini swali lake lina maana kuliko alivyodhani. Jahazi la kuunganisha nyumbani halitaona maji hata siku moja. Kitakacholiharibu hapa ni ukavu na vumbi, na kijitabu kinachokuja ndani ya boksi hakisemi lolote kuhusu hivyo viwili, maana kimeandikwa na watu wa nchi zenye unyevu. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mvua tunaipata Desemba mpaka Aprili kama imeamua kuja, na miezi iliyobaki hata midomo inapasuka, sembuse ubao wa unene wa karatasi ngumu.

Nadhani tayari umeshapanga mataruma (mbavu za chombo) juu ya mkuku (uti wake wa chini), umepigilia mbao za ubavuni na gundi imeshika. Hapo ndipo tunapoanzia. Mfano wangu ni jahazi la tanga moja, skeli ya 1:60, urefu wa sentimita 30 hivi, yaani chombo halisi cha mita 18.

Hatua ya 1: Liache lizoee hewa

Jahazi langu la kwanza nililijenga Dar. Nilipohamishiwa Dodoma na kazi, nikalibeba mapajani njia nzima kama mtoto mchanga. Lilifika zima, limeshapigwa msasa, limeshazibwa, ubavu laini kama yai. Ilikuwa mwezi wa nane. Kufika katikati ya mwezi wa tisa nikaona mistari myeusi kama unywele imejichora kati ya ubao na ubao, kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Upande wa dirishani, ukucha uliingia.

Mbao haikuwa na kosa. Ubao hupokea unyevu na kuutoa kulingana na hewa iliyopo, na unapoutoa hupungua upana, si urefu. Ubao wa milimita 5 ukipungua sehemu moja ya kumi ya milimita, huoni kitu. Ila ubavu mmoja una mbao ishirini, kwa hiyo zimepotea milimita 2, na lazima zitokee mahali fulani. Zinatokea kwenye maungio.

Basi, kabla ya kuziba tundu lolote, weka jahazi kwenye rafu iliyo wazi, mbali na jua na mbali na jiko, wiki mbili au tatu. Pima upana wake pale penye tumbo kubwa, andika kwa penseli chini ya mkuku. Wiki ijayo pima tena. Vipimo viwili vikifanana, limemaliza kunywea. Kama una uhuru wa kuchagua, fanya hili kiangazi. Ukiziba nyufa za kiangazi, masika mbao zitavimba kidogo na kubanana. Ukiziba wakati wa masika, kiangazi zitaachana.

Na kama sitaha (sakafu ya juu) bado hujaifunga, paka ndani ya jahazi koti moja ya sila, ile ya kuziba vinyweleo vya ubao. Watu wengi hupaka nje tu, hewa ikaingia kwa ndani na ubao ukajikunja kuelekea upande mmoja.

Hatua ya 2: Kukalafati, kwa namna yetu

Kwenye chombo halisi fundi hushindilia pamba kwenye maungio kwa patasi na nyundo, tuku tuku tuku, sauti ambayo ukizaliwa pwani huisahau. Sisi hatuna nafasi ya pamba. Chukua vumbi la msasa la mbao zilezile (usilitupe, likusanye kwenye kikopo tangu mwanzo), changanya na gundi nyeupe ya mbao mpaka iwe kama ugali mlaini, sukuma kwenye ufa kwa ukucha au kijiti. Futa mabaki papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu, usingoje yakauke.

Ufa mpana unaopitisha ukucha usiujaze uji huo, utanywea nao upasuke upya. Chana kibanzi chembamba cha ubao uleule, kipake gundi, kichomeke, kata kinachozidi kesho yake.

Angalizo kuhusu supa gluu: inashika haraka na inajaribu sana, lakini inapomwagika juu ya ubao inaziba vinyweleo. Ukija kupaka rangi ya mti, pale patabaki doa jeupe linalong'aa, na halifutiki mpaka uchonge. Gundi nyeupe nayo ina tabia hiyo, ila kwa kiasi. Ndiyo maana nasema futa mapema.

Hatua ya 3: Msasa

Anza na namba 120 pale tu penye vinundu, halafu 180, halafu 240. Malizia na 400. Fuata nyuzi za mbao, usikate kwa mshazari. Zungushia msasa kwenye kipande cha kandambili iliyochakaa. Kinajikunja na tumbo la jahazi vizuri kuliko kigogo. Mbao za nje kwenye seti nyingi (maboksi ya vipande vya kuunganisha) hazifiki hata milimita moja, kwa hiyo ukikaza mkono utatokea upande wa pili.

Baada ya 240, futa jahazi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, liache likauke. Utaona vinyweleo vimesimama kama ndevu za siku mbili. Hivyo ndivyo vinavyoondolewa na namba 400. Ukiruka hapa, vitasimama ndani ya vanishi na hutakuwa na la kufanya.

Ukaguzi fanya usiku. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni ili mwanga upite sambamba na mbao. Mkwaruzo ambao mchana hukuuona utatoa kivuli. Nimewahi kulala saa saba usiku kwa sababu ya mkwaruzo mmoja wa namba 120.

Hatua ya 4: Misumari

Hii ni ya anayependa. Chora mistari hafifu ya penseli juu ya kila taruma, toboa vitundu vidogo kwa sindano, viwili kwa kila ubao, kisha sugulia penseli laini na ufute. Vinaonekana kama vichwa vya misumari. Usizidishe ukubwa: kichwa cha msumari cha milimita 15 kwenye 1:60 ni robo ya milimita tu, alama ya ncha ya sindano.

Hatua ya 5: Mstari wa maji na rangi ya chini

Jahazi huwa jeupe chini kwa sababu ya deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa kuzuia wadudu wanaotoboa mbao na maji yasipenye. Kwa hiyo usipake nyeupe ya ukuta wa hospitali. Chukua rangi nyeupe isiyong'aa, tia tone la njano na tone dogo la kahawia. Iwe kama siagi iliyokaa.

Kupata mstari, simamisha jahazi sawasawa kwenye kiegemeo chake, juu ya meza iliyonyooka. Funga penseli juu ya kigogo kwa kimo unachotaka, kisha zungusha kigogo kuzunguka jahazi. Penseli itachora mstari ulionyooka hata pale ubavu unapojipinda. Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari, kandamiza ukingo kwa ukucha. Sasa siri ya watu wa rangi: kabla ya nyeupe, pitisha koti nyepesi ya klia (vanishi isiyo na rangi) kwenye ukingo wa tepu. Ikivuja, inavuja klia isiyoonekana, na njia ya rangi inakuwa imezibwa. Vua tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo.

Wenye seti ya meli ya Ulaya, mambo ni tofauti. Cutty Sark kwa mfano, ile iliyojengwa Dumbarton mwaka 1869 na sasa iko Greenwich, London, chini imevishwa mabati ya aloi ya shaba na zinki, rangi yake ya dhahabu iliyopauka. Kama seti imekupa vipande vya shaba vya kubandika, anza tezi uelekee omo, ili kila kipande cha mbele kilalie cha nyuma yake na maji "yasiinue" ukingo. Nawa mikono kwanza. Alama ya kidole chenye mafuta hujitokeza baada ya wiki.

Hatua ya 6: Vanishi, na vita na vumbi

Juu ya mstari wa maji, chombo halisi hupakwa sifa, mafuta ya samaki, papa hasa. Rangi yake ni kahawia iliyoiva, na harufu tusiizungumzie. Kuigiza, paka rangi ya mti ya jozi iliyozimuliwa, kisha vanishi isiyong'aa. Nasisitiza *isiyong'aa*. Mafundi fanicha wa Majengo watakuuzia klia ya kumetameta kama kioo, nzuri kwa kabati. Kwenye jahazi la sentimita 30 huwezi kujiona ubavuni halafu useme ni chombo cha bahari, linageuka sanamu ya zawadi.

Kuna aliyenishauri nitumie mafuta ya alizeti kwa sababu huku yamejaa. Usithubutu. Yanakauka nusu, yanabaki yakinata, na vumbi la Dodoma litajipandikiza humo. Mafuta yanayokauka ni ya kitani. Ukiyatumia, matambara yake usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo: yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje mpaka yawe makavu kabisa, au yaloweke kwenye maji.

Saa yangu ya kupaka ni kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mchana upepo unabeba udongo mwekundu na joto linakausha vanishi kabla haijatandaa, unabaki na alama za brashi. Jioni iliyotangulia napiga deki chumba, nafunga madirisha, asubuhi nanyunyiza maji kidogo sakafuni kama mama anayetaka kufagia uwanja. Vumbi linatulia. Feni isizunguke. Shati la sufu vua.

Koti ya kwanza izimue: sehemu tatu za vanishi, moja ya tapentaini kama vanishi ni ya mafuta. Iache siku nzima, pitisha msasa 400 kwa mkono mwepesi, futa. Koti ya pili na ya tatu zisiwe nzito. Kila ukishapaka, funika jahazi kwa boksi kubwa la karatasi lililofutwa ndani. Boksi hilo limeniokoa kuliko brashi ya bei yoyote.

Hatua ya 7: Tanga

Kitambaa cha kwenye seti huwa cheupe mno. Chemsha vijiko vitatu vya majani ya chai kwenye nusu lita ya maji, chuja, zamisha tanga dakika 20, likaushe kivulini. Rangi ikikauka hupauka, kwa hiyo litoe likiwa limeiva kuliko unavyotaka. Tanga halisi hushonwa kwa mapande marefu ya kitambaa. Yachore kwa penseli ngumu na rula. Pindo lishonee uzi mnene, ndiyo dasi yako, kamba ya ukingoni mwa tanga.

Kulipa tanga tumbo la upepo, lipake gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji mara nne yake, lilaze juu ya bakuli lililofunikwa na nailoni mpaka likauke. Likitoka, limejaa kama lenye upepo wa kusi.

Hatua ya 8: Kamba

Hapa bara inatupa neema. Nta ya nyuki kutoka Manyoni na Kondoa iko sokoni, wauza asali wanakupa kipande cha ngumi kwa bei ya soda. Uzi wa seti una manyoya. Ukubwa wa manyoya hayo kwenye 1:60 ni kama kamba iliyoota nywele za mbuzi. Kata mfereji kwenye nta kwa kisu, pitisha uzi mara tatu huku umeukandamiza kwa dole gumba mpaka usikie unapata moto na harufu ya asali inapanda. Kisha upitishe haraka juu ya mwali wa mshumaa. Manyoya yanaungua, nta inaingia ndani, na uzi haunywei wala kulegea kirahisi majira yakibadilika.

Unene: kamba halisi ya milimita 30 ni nusu milimita kwako. Henza, inayopandisha foromali (mti unaobeba tanga), iwe nene kuliko zote. Demani (kamba ya pembe ya nyuma ya tanga) na joshini (ya pembe ya mbele) ziwe nyembamba zaidi. Funga henza kwanza, kisha joshini mbele, demani mwisho, na usikaze hata moja kabla zote hazijawa mahali pake. Ukikaza ya kwanza kabisa, mlingoti utavutwa upande, na mlingoti wa jahazi unatakiwa uinamie mbele kidogo, si ubavuni. Fundo litie tone la gundi nyeupe, likikauka kata ncha kwa wembe mpya.

Hatua ya 9: Kioo

Bila kioo, kazi yote hii itadumu mwezi mmoja tu. Fundi alumini atakutengenezea kisanduku. Mwambie aache milimita chache kila upande wa foromali, ndiyo inayojitokeza kuliko kitu kingine. Kisikae dirisha la magharibi.

Mzee wa mbuzi alikuja kuliona limekwisha. Akazunguka kisanduku mara mbili, akauliza mbona chombo kimeng'oa nanga na hakina mtu. Ni kweli. Mtu wa mita 1.68 kwenye skeli hii ana milimita 28, anatoka kwenye kijiti cha mshikaki. Nimeshamchonga, amekaa kwenye usukani, imebaki kumpaka kofia.