Lipe kila lengo mwezi wake

Ile orodha ya mambo unayotaka kuyafanya kabla hujaiaga dunia, usiipange kwa ukubwa wa ndoto. Ipange kwa misimu. Chukua Mlima Kenya: kilele cha Lenana kina mita 4,985, na miezi mizuri ya kupanda ni Januari na Februari, au Agosti na Septemba, mvua zikiwa zimepungua. Ukishachagua mwezi, hesabu kurudi nyuma. Anza na vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, Jumamosi moja, urudi mjini kabla ya foleni. Halafu Mlima Longonot, volkano yenye shimo kubwa juu, mita 2,776. Kile kipande cha kupandia hadi ukingo wa shimo hilo, chenye vumbi linaloteleza, ndicho kitakachokuonyesha kama viatu vinakubana vidole wakati wa kushuka. Heri ujue huko mapema.

Pesa nazo zifungie M-Shwari, akaunti ya akiba ya kwenye M-Pesa, hadi mwezi huo. Zikibaki wazi kwenye simu zitaishia kwa nyama choma.

Mambo ya ndani ya nyumba, kama kujifunza gitaa au kurekodi hadithi za nyanya yako, yaweke Aprili na Mei, mvua ikinyesha. Na lile unaloliahirisha kila mwaka bila hata kuuliza bei, lifute tu. Pengine lilikuwa la rafiki yako.