Kuomba ufadhili wa HOPE Georgia: anza kwa kuijua GPA inayohesabiwa

Baba mmoja mzaliwa wa Kigoma alinionyesha ripoti ya binti yake, uso umemkunjamana. Imeandikwa GPA 3.25, yaani wastani wa alama zake kwa pointi. "Ndugu yangu, huyu si divisheni three hii?" Nikacheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka. Kwetu Tanzania divisheni one ndiyo ya kuchinjiwa mbuzi, na namba ikipanda mtoto anaificha karatasi. Marekani ni kinyume: 4.0 ndiyo kilele. Wazazi waliotoka Kongo wana mtego wao pia. Kule asilimia 50 inatosha kupata diploma ya taifa, kwa hiyo mtoto akileta 68 nyumbani anapongezwa. Shule za umma za Georgia, chini ya 70 amefeli.

Haya ninayoyaandika ni kwa familia zinazoishi Georgia, hasa sisi wa mji wa Clarkston, karibu na Atlanta, na jirani zake, wenye mtoto kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili. HOPE ni ufadhili wa jimbo, ulianza 1993, na pesa yake inatoka kwenye bahati nasibu ya Georgia. Tangu mwaka wa masomo 2023–24 unalipa ada yote ya masomo katika vyuo vya umma vya jimbo. Vitabu, chumba, chakula na michango mingine ya chuo mtajua wenyewe.

Kwanza, omba transkripti

Mwambie mtoto aende kwa kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi shuleni, aombe transkripti yake, yaani orodha ya masomo yote aliyosoma tangu darasa la tisa pamoja na alama. Ripoti ya muhula haitoshi. Na neno "tangu darasa la tisa" lizingatieni. Watoto wengi hufika wakiwa bado wanahangaika na Kiingereza, wanauchukulia mwaka ule wa kwanza kama wa kuzoea, kumbe kila alama inaandikwa.

Pili, hesabu mwenyewe

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, kwa hiyo tulia na kalamu. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0. Jumlisha, gawa kwa idadi ya masomo. Shule inahesabu masomo yote. HOPE inahesabu makundi matano tu: Kiingereza, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii, na lugha ya kigeni.

Turudi kwa yule binti mwenye 3.25. Kiingereza B, hisabati C, biolojia C, jiografia A, Kifaransa B. Halafu michezo A, uchoraji A, kwaya A. Masomo manane, pointi 26, ndiyo 3.25 iliyoandikwa kwenye ripoti. Sasa toa michezo, uchoraji na kwaya. Yanabaki masomo matano, pointi 14. Gawa: 2.8. HOPE inataka 3.0. Baba alikuwa na haki ya kukunja uso, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Hakuna kukadiria kwenda juu. 2.99 ni 2.99. Somo lililofeliwa pia halifutiki: mtoto akilirudia akapata B, ile F na hii B zote zinaingia kwenye hesabu. Kama shule iliongeza alama za bure kwa masomo magumu, jimbo linaziondoa, kisha lenyewe linaongeza nusu pointi kwa masomo ya AP na IB (masomo ya sekondari yenye kiwango cha juu) au ya chuo yaliyo katika makundi yale matano, pale mtoto alipopata chini ya A.

Mzazi uliyetoka Bukavu, Uvira au Bujumbura, mtoto wako anajua Kifaransa. Mwandikishe Kifaransa! Nimeona watoto wanaozungumza Kifaransa safi wakipelekwa Kihispania cha mwanzo kwa sababu tu kiti kilikuwa wazi, wakatoka na C. Lugha ni somo la msingi, A yake ina uzito sawa na A ya hisabati.

Tatu, masomo magumu manne

GPA peke yake haitoshi. Kabla ya kumaliza shule mtoto awe amefaulu angalau masomo manne kutoka kwenye orodha ya jimbo ya masomo mazito: hisabati za juu, kemia, fizikia, lugha ya kigeni ya ngazi za juu, AP na mengine. Muulize kaunsela swali moja tu: "Mtoto wangu ana mangapi hadi sasa?" Uliza mapema, darasa la kumi hivi. Darasa la kumi na mbili muhula wa pili hakuna tena nafasi ya kurekebisha.

Nne, fungua akaunti ya GAfutures

Kwenye GAfutures, tovuti ya jimbo ya misaada ya masomo, mtoto ataiona GPA yake ya HOPE ilivyokokotolewa na jimbo lenyewe. Ikitofautiana na hesabu yako, amini ile, kisha uliza tofauti imetoka wapi.

Shida kubwa hapa ni majina. Makaratasi ya safari yaligeuza jina la ukoo likawa la kwanza, shule ikaandika vingine, kadi ya Social Security nayo ina lake. Nusu ya vijana wetu wamezaliwa tarehe 1 Januari, au ndivyo kambi ilivyoandika. Jina, tarehe na namba ya Social Security vikipishana na vya shule, alama za mtoto hazitaonekana kwenye akaunti yake. Chukua kadi, nenda ofisi ya shule, waambie warekebishe ifanane na kadi. Niliwahi kukaa na kijana wiki tatu tukitafuta alama zake, kumbe shule moja ilikuwa imeacha herufi moja ya jina.

Tano, jaza FAFSA

Fomu hii ya serikali kuu kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba ya darasa la kumi na mbili, na inatumika kuomba HOPE pamoja na Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo. Ni bure. Anayekudai dola ili akujazie anakuuzia maji ya mto. Mwanafunzi afungue akaunti yake StudentAid.gov, na mzazi yake, kila mmoja na barua pepe yake mwenyewe. Mzazi asiye na namba ya Social Security naye anaweza kufungua. Penye uraia, mwenye kadi ya kijani anachagua asiye raia anayestahili na kuandika namba ya A iliyo kwenye kadi. Mzazi atoe idhini ya kuchukuliwa taarifa za kodi za miaka miwili nyuma, hata kama mwaka ule hakupeleka kodi. Idhini isipotolewa, msaada wa serikali kuu hautolewi. Fomu hujazwa upya kila mwaka.

Anayetaka HOPE tu anaweza kujaza GSFAPP, fomu fupi ya jimbo iliyomo ndani ya GAfutures. Humo humo ndimo mnapoomba transkripti itumwe kwenye vyuo vya Georgia.

Kama 3.0 haikufikiwa

Kijana aliyefika na miaka kumi na saba, ana mihula mitatu tu shuleni, mara nyingi hataifikia. Kuna HOPE Grant, ya vyeti na stashahada za ufundi, isiyoangalia GPA ya sekondari. Georgia Piedmont Technical College ipo hapa hapa Clarkston. Njia nyingine ni kuanza chuo kikuu kwa Pell, kwa mfano Perimeter College, kisha kusubiri hesabu ya jimbo baada ya saa 30, 60 au 90 za masomo ("credit hours", vipimo ambavyo chuo hupa kila somo, si saa za kwenye ukuta). Akiwa na 3.0 wakati huo, HOPE inaanza kumlipia.

Hesabu zile zile zinamhusu na aliyeipata tangu mwanzo. Akishuka chini ya 3.0 inakatwa, akipanda anaweza kurudishiwa, lakini mara moja tu. Akishuka mara ya pili, hairudi tena.