Kuondoa data kwenye majedwali yenye ufunguo wa kigeni

Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Moshi kimejaribu mfumo wake mpya kwa data za majaribio, na sasa msimu unapokaribia majedwali matatu yanatakiwa kubaki matupu: wakulima, mizigo na malipo. Kila mzigo unamtaja mkulima wake, na kila malipo yanautaja mzigo wake; kutajana huku ndiko kunakoitwa ufunguo wa kigeni. Ukianza na DELETE FROM wakulima, MySQL, yaani programu inayoendesha hifadhidata, itakataa kwa kosa namba 1451, na inakataa kwa haki, kwani mizigo ingebaki bila mwenyewe.

Kwanza, chukua nakala ya akiba kwa mysqldump, kisha uirejeshe kwenye hifadhidata ya pembeni ili ujue kwamba inafunguka.

Pili, andika SHOW CREATE TABLE malipo na usome sehemu za CONSTRAINT, ambazo ndizo zinazoonyesha jedwali lipi linategemea lipi. Fanya hivyo kwa kila jedwali.

Tatu, anza na mtoto (jedwali linalotaja jingine), umalizie na mzazi (jedwali linalotajwa), yote ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la amri zinazothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja:

START TRANSACTION;
DELETE FROM malipo;
DELETE FROM mizigo;
DELETE FROM wakulima;
COMMIT;

Ukishtuka kabla ya COMMIT, andika ROLLBACK na kila kitu kitarudi, ilimradi majedwali ni ya InnoDB, aina ya hifadhi ya MySQL inayokubali miamala.

Swali: Mwalimu, kwa nini tusitumie TRUNCATE, amri inayomwaga jedwali zima kwa mara moja, ambayo ni ya haraka zaidi?
Jibu: Kwa jedwali la mzazi MySQL itaikataa hata kama mtoto ni mtupu, na pale inapokubali, ROLLBACK haiwezi kukuokoa.

Swali: Je, tukizima ukaguzi kwa SET FOREIGN_KEY_CHECKS = 0?
Jibu: Itapita, lakini ukirudisha 1, MySQL haikagui yaliyopita wakati ukaguzi umezimwa. Tuseme umefanya TRUNCATE kwa wakulima na ukasahau mizigo: namba zitaanza upya, na mkulima wa kwanza kuandikishwa atapewa namba 1 pamoja na mizigo yote ya majaribio iliyokuwa ya namba 1. Mfumo hautalalamika, atakayelalamika ni mhasibu.

Swali: Sisi wa Arusha tunatumia PostgreSQL.
Jibu: Mna nafuu. Yatajeni yote kwa pamoja: TRUNCATE malipo, mizigo, wakulima RESTART IDENTITY (namba zianze upya), na ndani ya muamala ROLLBACK inafanya kazi. Kuongeza neno CASCADE sikupendekezi, kwa sababu husafisha kila jedwali linaloyategemea hayo, hata jedwali ambalo mwenzako aliliongeza jana bila kukuambia, ilhali bila CASCADE amri ingekataliwa na jedwali hilo lingetajwa.