SOMO: Namna ya kutengeneza tangazo la biashara ndogo, ili watu wakumbuke bidhaa yako

Wakuu, salaam. Nimeamua kuandika yote mahali pamoja, kwa sababu ujumbe ninaoletewa ni uleule kila wiki: "Kaka, nataka tangazo kali, la kuchekesha, liwe gumzo mjini." Nikimjibu mmoja leo, kesho wanakuja watatu. Kuanzia sasa nitawaelekeza hapa.

Naandika matangazo ya redio na ya gari la matangazo hapa Morogoro, mwaka wa 11 huu. Wateja wangu ni wenye mashine za kusaga, maduka ya pembejeo, saluni na shule za awali. Somo ni la mwenye biashara ya kiasi hicho, anayetoa pesa yake mfukoni na hana ya kurudia akikosea.

Hatua ya 1. Mjue unayemuuzia. Ukijibu "kila mtu", hujaanza.

Hatua ya 2. Nenda ukakae pale anaponunua. Usiende na karatasi ya maswali. Nenda na daftari dogo, ununue kitu, uombe kigoda, usikilize. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, usiyasafishe. Niliwahi kuandikia unga wa sembe. Mwenye mashine alitaka tuseme "unga bora wenye virutubisho". Nilikaa kwenye duka la Mangi kuanzia saa kumi jioni mpaka giza likaingia, na sikumsikia hata mama mmoja akitaja virutubisho. Mmoja alichota unga kwenye mfuko uliofunguliwa, akausugua kwa kidole gumba, akaupuliza, akatazama kilichobaki kiganjani. Kisha akauliza: "Huu hautoi madonge?" Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko kurasa zote tatu alizonipa mwenye mashine.

Hatua ya 3. Chagua jambo moja tu la kusema. Ukishindwa kuchagua, fikiria kanga. Kanga ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, yaani ule mstari mmoja wa maneno. Mama anasimama dukani akisoma majina, na anachukua lile linalosema alichotaka kusema yeye, kwa jirani au kwa mume au kwa wifi. Tangazo zuri nalo mteja analichukua hivyo. Tazama M-Pesa ilivyoanza Kenya, Machi 2007. Yapo mengi ya kiufundi ambayo wangeweza kueleza, lakini walichotangaza ni kutuma pesa nyumbani. Watu wa Nairobi walikuwa wakituma tayari, kwa kumkabidhi dereva wa basi bahasha au kumsubiri mtu wa kwao anayesafiri, na roho juu mpaka ifike. Tangazo lilitaja jambo lililokuwa likiwasumbua kila mwisho wa mwezi.

Hatua ya 4. Jina la bidhaa liwe ndani ya kisa. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nilipomtia mtu hasara.

Mwaka 2017, kwa unga uleule, niliandika kisa cha mkwe. Kijana anakwenda ukweni mara ya kwanza, anawekewa ugali, anakutana na donge mdomoni. Baba mkwe anamtazama. Ameze? Ateme? Mwigizaji alikuwa hodari, na ule ukimya kabla hajameza ulikuwa mtamu kweli. Mwishoni sauti nyingine ikasema: nunua unga wa fulani. Tangazo likaenda hewani, abiria wakacheka kwenye daladala, nami nikaona nimefika. Wiki ya tatu nikapita sokoni. Mama wa genge akanisimulia kisa chote, mpaka macho ya baba mkwe akayaigiza. Nikamuuliza, "Ule ni unga gani, mama?" Akataja unga wa mashine nyingine, kubwa kuliko zote mjini. Nikauliza watu kumi siku ile. Wawili walitaja jina sahihi. Wengine wote walimpa yule mkubwa sifa ya tangazo ambalo mteja wangu mdogo alikuwa amelilipia. Nilipomwambia hakunigombeza. Alifungua daftari la mauzo, akaligeuzia upande wangu, akaniacha nisome mwenyewe.

Niliandika upya bila malipo. Safari hii mtoto anatumwa kwa Mangi, na kama watoto wote wanaotumwa, analitaja jina la unga njia nzima asije akasahau. Anaruka mtaro, jina. Anaitwa kwenye mpira, anakataa, jina. Mbwa anabweka, anakimbia, jina limekatika katikati kwa kuhema. Anafika dukani, jina limemtoka! Anasimama pale, mkono una jasho na noti imekunjamana, mpaka analiona kwenye mfuko rafuni na kupiga kelele kwa furaha. Ukiliondoa jina, hakuna kisa kinachobaki. Baada ya mwezi nilisikia watoto mtaani wakilitaja wakiruka kamba.

Sasa maonyo:

- Kabla hujarekodi, futa jina la bidhaa yako, weka la mshindani, usome tena. Tangazo likisimama vizuri vilevile, usilirushe.
- Usiliache jina lije sekunde ya mwisho. Wakati huo msikilizaji bado anacheka au ameanza kuongea na jirani yake.
- Mchekeshaji maarufu akiwa mkubwa kuliko bidhaa, watu watamkumbuka yeye.
- Usichukue wimbo unaovuma ukabadilisha maneno. Una wenyewe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo.

Hatua ya 5. Soma kwa sauti huku umeshika saa. Kwa sekunde 30 mimi huishia maneno 55 mpaka 60. Kiswahili kina maneno marefu. Ukijaza 80 mtangazaji atakimbia na hakuna atakayeshika kitu.

Hatua ya 6. Lijaribu kwa watu kumi wasiokujua. Usiulize "mmelipenda?" Watakwambia ndiyo kwa adabu. Subiri kesho yake, uliza: "Lile tangazo lilikuwa la nini?"

Hatua ya 7. Mzigo uwe madukani kabla tangazo halijaanza.

Hatua ya 8. Vibali. Gari la matangazo na bango, nenda halmashauri kwanza. Chochote kinachoitwa dawa, nenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla hujaandika hata mstari.

Hatua ya 9. Rusha. Rudi sokoni baada ya wiki mbili, uliza tena.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana_Msamvu: Mkuu, somo zuri. Nitumie tangazo moja la saluni nibadilishe jina tu.

Fundi wa Tangazo: Soma hatua ya 4, onyo la kwanza.

Dogo_Biashara: bei gani kutengenezewa?

Fundi wa Tangazo: Hili ni somo la kufanya mwenyewe.

Mchumi Mtaani: Hapo kwenye jina sikubaliani na wewe. Coca-Cola walitoa jina lao kwenye chupa wakaweka majina ya watu, na wakauza sana. Wewe unasema jina ndiyo kila kitu.

Fundi wa Tangazo: Sikusema ni kila kitu. Nimesema liwe ndani ya kisa. Kampeni unayoitaja ilianza Australia mwaka 2011, kwa majina 150 yaliyokuwa yakitumika zaidi kule. Soda ile imekuwapo tangu 1886. Rangi nyekundu, umbo la chupa na ule mwandiko vinatosha kumwambia mtu ni nani hata jina lisipokuwapo upande mmoja wa lebo. Mwenye mashine wa Kihonda hapa Morogoro, mfuko wake hata mtaa wa pili hawaujui. Hana cha kuficha bado.

Mchumi Mtaani: Basi ungeandika hivyo tangu mwanzo.

Fundi wa Tangazo: Nimeandika somo ni la biashara za kiasi gani. Aya ya pili.

Mama Pangani: Shikamoo kaka, kama umenizidi umri. Nina swali kuhusu M-Pesa. Nimejaribu kipimo chako cha kufuta jina. "Tuma pesa nyumbani" inaweza kusemwa na kampuni yoyote ya simu. Mbona kwao ilifanya kazi?

Fundi wa Tangazo: Marahaba dada, na ahsante, swali hili limenifanya nikae chini. Ni kweli, leo mstari ule ungeweza kuwa wa yeyote. Lakini tazama hali ya 2007. Mtu wa kawaida Kenya hakuwa na huduma nyingine ya namna ile mkononi, kwa hiyo ukisikia "tuma pesa" kwa simu, mahali pa kwenda palikuwa pamoja tu, hapakuwa na pa pili. Aliyetangulia huweza kukishika kitendo chenyewe. Pia jina lilisaidia: limebeba neno "pesa" ndani yake, kila anayelitaja anataja kazi yake. Kwa hiyo kipimo changu kina mpaka. Kama wewe ndiye wa kwanza kabisa kuleta kitu mjini kwenu, taja kitendo kwa maneno mepesi. Kama mko wengi, na kwenye unga tuko wengi mno, jina lazima lifumwe kwenye kisa. Unauza nini?

Mama Pangani: Mafuta ya nazi, tunakamua wenyewe. Nauza Tanga mjini, na sasa nimeanza kupeleka Lushoto. Nitakwenda kukaa dukani kama ulivyosema, nirudi.

Bwana Kibokoni: Nawasalimu kutoka Mombasa. Umeitaja kanga, nami niongeze kidogo. Huku kwetu yuko Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya kanga tangu 1887. Kanga zao zina maandishi "Mali ya Abdulla" kwenye kitambaa chenyewe. Mamangu, Mungu amrehemu, hakulipa kabla hajayatafuta kwa kidole. Alama imepanda juu ya bidhaa, inakwenda nayo arusini na matangani. Hapana redio wala bango linalofika huko.

Fundi wa Tangazo: Ahsante sana bwana. Hili nalibeba. Mwenye mfuko wa unga naye ajiulize mfuko ukiisha unatumika kwa nini, maana viroba huwekewa mkaa, huwa vikapu vya sokoni, huwa mazulia. Jina lichapwe mahali ambapo litaonekana hata kikikatwa.

Nyota_Saluni: Kaka, wateja wangu wako WhatsApp tu, redio hawasikilizi. Naweka picha za misuko kila siku ila hakuna anayeuliza.

Fundi wa Tangazo: Hatua ya 2 inakuhusu zaidi ya wote. Mteja akikaa kwenye kiti chako anauliza nini kabla hajakubali msuko?

Nyota_Saluni: Wengi wanauliza "unakaa siku ngapi?" na "hauumi?"

Fundi wa Tangazo: Basi picha zako zimejibu swali ambalo hawaulizi. Kila mtu anajua msuko wa siku ya kwanza unapendeza. Piga picha siku anayotoka, kisha muombe akutumie nyingine baada ya wiki tatu, kichwa kilekile. Weka mbili pamoja, andika tarehe. Na omba ruhusa kwa maandishi kabla hujaweka sura ya mtu, hata akiwa rafiki yako. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na bila sheria pia ni heshima yake. Asiyetaka sura ionekane, mpige kisogo. Misuko ndiyo inayoonekana vizuri huko.

Nyota_Saluni: Sikuwahi kufikiria wiki ya tatu. Naanza Jumamosi.

Kijana_Msamvu: Sasa nirekodi wapi, studio ni ghali.

Fundi wa Tangazo: Hilo ni swali. Fungua kabati la nguo, lijae nguo, weka simu katikati yake na usome ukiwa umeingiza kichwa. Nguo zinakula mwangwi. Kama huna kabati, jifunike blanketi. Zima feni na friji. Soma umesimama, na utabasamu pale panapotaka tabasamu, maana linasikika.

Mzee wa Spika: Na wale wa kurekodi sauti ya kuita wateja mlangoni, acheni nafasi ya kimya kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Nimekaa Kariakoo miaka mingi. Spika isiyopumua, sikio la mpita njia linaifunga. Ikinyamaza halafu ikaanza, anageuka.

Fundi wa Tangazo: Kweli mzee wangu. Na jirani wa duka atakushukuru.

Rangi na Brashi: Kwa wanaochora ukutani: msichague ukuta wa barabara ya kasi. Tafuteni ule unaotazamana na daladala likiwa kituoni linasubiri kujaa. Abiria ana dakika kumi na hana cha kutazama. Kaeni ndani ya gari kwanza, kiti cha dirishani, muone ukuta unaanzia wapi machoni.

Mama Pangani: Nimerudi kaka. Nilikaa Lushoto siku mbili. Kila anayenunua anainamisha chupa, na asubuhi mafuta hayatembei. Wanasema, "Haya yameganda, mmechanganya na nini?" Wananirudishia. Nimeandika hivi: bibi anamwambia mjukuu, "Yameganda? Basi ni ya nazi, kuna baridi leo." Mwisho nataja jina letu.

Fundi wa Tangazo: Dada, umelipata. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Lushoto inashuka hapo bila shida. Kile walichokulaumu nacho umekigeuza kuwa ushahidi, na ni kweli tupu. Lipo moja la kurekebisha: mafuta yoyote ya nazi yataganda, kwa hiyo kipimo cha jina bado hakijapita, na jina umeliacha mwisho. Mpe mjukuu kulisoma. Bibi haoni vizuri, anauliza, "Hebu nisomee kwenye chupa, ni yapi hayo?" Mtoto anasoma jina lenu, bibi anaguna, ndipo anasema lile neno lake la baridi. Baadaye anayawekea viganja, yanayeyuka, mtoto anasoma tena.

Mama Pangani: Nimeliona. Niwajaribie wapi wale kumi?

Fundi wa Tangazo: Lushoto kulekule, sokoni. Nenda alfajiri kabla jua halijatoka, na chupa uwe umeishika mkononi.